Nguvu na Kiasi

Mtu aliyejaliwa nguvu nyingi, je, ana haki ya kuzitumia zote wakati wote kwa sababu tu ni zake? Swali hili ni la kale. Wahenga walilijibu kwa mfano wa mnyama, waliposema kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama. Hawakusema kuwa simba ni mnyonge. Walisema kuwa nguvu zake hukaa katika mwendo wa pole mpaka saa yake ifike. Leo nataka tulitazame swali hilo hilo katika mfano mpya, usio na manyoya wala kucha, lakini wenye mafunzo mengi. Mfano huo ni motokaa ya umeme.

Watu wengi hudhani kuwa motokaa ya umeme ni mtoto wa juzi. Sivyo. Motokaa ya kwanza duniani kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa ilikuwa ya umeme. Mwezi wa Aprili, mwaka 1899, Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, aliiendesha huko Achères, karibu na Paris, kwa mwendo wa kilomita 105 na ushei kwa saa. Umbo lake lilikuwa kama risasi ya bunduki, na tumbo lake lilijaa betri. Jina alilokipa chombo chake lilikuwa La Jamais Contente, maana yake Asiyeridhika Kamwe. Naona jina hilo lilimfaa mwanadamu kuliko chombo. Chombo hakijui kuridhika wala kutoridhika. Aliyekaa juu yake ndiye ajuaye.

Motokaa za umeme za leo zina nguvu ambazo Jenatzy hakuziota. Kwa hiyo watengenezaji wake humpa dereva uwezo wa kuchagua hali ya mwendo. Ipo hali ya akiba, ambayo hulegeza mwitiko wa mota na kupunguza matumizi. Ipo hali ya kawaida. Na ipo hali ya nguvu, ambayo hufungua milango yote ya betri kwa mara moja. Dereva huchagua kwa kidole kimoja. Lakini betri haiwezi kutii amri ya kidole kama haikutayarishwa, na hapo ndipo mafunzo yetu yanapoanza.

Ndani ya betri chembe ndogo sana za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, zikipita katika majimaji yaliyo katikati. Baridi ikizidi, safari yao huwa nzito kama ya watu wapitao matopeni. Ukiidai betri nguvu nyingi wakati huo, hutoa kidogo na kupoteza kingi. Joto likizidi, chembe husafiri upesi, lakini mwili wa betri huanza kuchakaa kwa mabadiliko ya kikemia yasiyorudi nyuma. Betri basi huishi kati ya maadui wawili, na usalama wake u katikati.

Tuchukue mfano mmoja ulio wazi. Mwaka 2023 kampuni ya Hyundai ya Korea ya Kusini iliuonyesha ulimwengu motokaa iitwayo Ioniq 5 N. Betri yake ina uwezo wa kilowati-saa 84. Dereva akibonyeza kitufe fulani katika usukani, mota hutoa nguvu za kilowati 478, lakini kwa sekunde 10 tu. Kisha nguvu hizo za ziada huondolewa. Kabla ya mashindano dereva aweza kuiamuru motokaa iiandae betri kwa mojawapo ya njia mbili. Akitaka mbio fupi za mstari ulionyoka, betri hutayarishwa iwe na joto la digrii 30 hadi 40. Akitaka kuuzunguka uwanja wa mashindano mara nyingi, betri huwekwa kati ya digrii 20 na 30.

Tafakari jambo hili, msomaji. Betri ni ile ile na dereva ni yule yule, lakini matayarisho ni mbalimbali kwa kuwa safari ni mbalimbali. Atakaye ushindi wa muda mfupi huanza na moto. Atakaye kudumu huanza na ubaridi, ili apate nafasi ya kulipokea joto litakalokuja. Mashine isiyo na roho humtaka mtu alijibu kwanza swali ambalo watu wengi hulikwepa maisha yao yote: Unakwenda wapi?

Tena matayarisho hayo hayapatikani bure. Fanya hesabu pamoja nami. Chukua betri ambayo seli zake zina uzito wa kilo 400. Kuipandisha joto kwa digrii 20 kwahitaji kilowati-saa 2 na ushei za joto. Motokaa inayotumia kilowati-saa 20 kwa kila kilomita 100 ingeweza kwenda kilomita 11 kwa kiasi hicho cha umeme. Kilomita 11 zimeliwa, na gurudumu halijazunguka hata mara moja! Kama motokaa ingali imeunganishwa na umeme wa nyumbani, gharama hutoka ukutani. Kama iko njiani, hutoka katika akiba ya safari. Tena betri ikiisha kupata moto, na nje kukiwa na baridi kali, sharti ilishwe joto isije ikapoa. Utayari ni mgeni anayekula hata akiwa amekaa.

Hapa mtu mwenye haraka ya kuhukumu atasema kuwa matayarisho ni ubadhirifu na yaachwe. Hukumu hiyo si ya haki. Betri iliyo baridi sana ikijazwa umeme kwa kasi, lithiamu hujitanda juu ya kaboni badala ya kuingia ndani yake, na betri hupata jeraha lisilopona. Kuipasha moto kabla ya kuijaza upesi ni kuitunza. Mkulima hunoa jembe kabla ya mvua, na baharia hushona tanga kabla ya msimu, wala hapana anayewaita wabadhirifu. Kosa haliko katika kujiandaa. Kosa liko katika kujiandaa kwa jambo ambalo mtu hakukusudia kulitenda, au katika kujiandaa ili aonekane na watu.

Tufanye mfano wa majirani wawili katika nchi ya Norwei, ambako mwaka 2024 karibu motokaa 9 katika kila 10 mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme, na ambako baridi ya Desemba hugandisha mito. Motokaa zao ni sawa, betri zao ni sawa, na asubuhi moja wote wawili wanashika njia moja ya milimani pamoja na watoto wao. Wa kwanza ameweka hali ya nguvu. Hana mashindano, ila hapendi kupitwa. Betri yake inapashwa moto kwa ajili ya mbio zisizokuwapo. Mguu wake, ukihisi kuwa nguvu ipo, unaitafutia kazi: palipofaa kilomita 80 kwa saa, anakwenda 100. Hewa ni mdai mkali. Mwendo ukiongezeka kwa robo, kizuizi chake huongezeka kwa zaidi ya nusu. Tena kila anapoikanyaga motokaa kwa ghafula, mkondo wa umeme huwa mkubwa, na mkondo ukiwa maradufu, joto linalopotea katika betri na nyaya huwa mara nne. Afungapo breki, mota hurudisha sehemu ya nguvu ndani ya betri, lakini hairudishi yote. Na kile kilicholiwa na hewa hakirudi kamwe.

Wa pili yumo katika hali ya akiba. Amefika kila kona baada ya mwenzake, wala hakuna aliyemwangalia. Alasiri dhoruba ya theluji inaifunga njia, na misururu ya motokaa inasimama gizani kungoja msaada. Sasa umeme hautakiwi tena kwa mwendo. Unatakiwa kwa joto la watoto waliokaa nyuma. Wa pili ana akiba ya kuwafikisha asubuhi. Wa kwanza anatazama tarakimu zinavyoshuka, naye anajua kila moja imekwenda wapi. Nguvu zake hazikuibiwa na mtu. Alizitoa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa watu aliowapita na ambao hawamkumbuki.

Usikilaumu kitufe, msomaji. Kitufe kilifanya kilichoambiwa. Nguvu iliyo tayari ina ushawishi wake: humnong'oneza mwenyewe kuwa haifai ikae bure. Mtu aliyeshika rungu huona nyoka wengi. Kwa hiyo anayejiweka tayari daima hulipa mara mbili: hulipa gharama ya utayari wenyewe, kisha hulipa gharama ya kushindwa na kishawishi chake.

Yamkini utajibu: "Umeme ni wangu, nimeulipia, nikiupoteza, hasara ni yangu." Maneno hayo yana ukweli nusu. Kwetu Kenya hatuna theluji barabarani, lakini swali la kiasi limekwisha kutufikia. Mjini Nairobi pikipiki za umeme hubeba abiria kila siku, na ziko zenye hali ya akiba na hali ya nguvu. Mwendeshaji hubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa, hulipa, kisha hurudi kazini. Kwake yeye umbali anaopelekwa na betri moja ni unga na karo. Akiondoka kila kituo kwa kishindo ili vijana wamtazame, amewapa watazamaji bure kile ambacho abiria wangalikinunua kwa fedha. Je, hasara hiyo ni yake peke yake? Waulize watoto wake wanaomngoja jioni.

Walakini ikitokea usiku mmoja kuwa amembeba mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, na hospitali iko juu ya kilima, aichague hali ya nguvu bila ya kusita. Aimalize betri yote ikibidi. Hapo hakupoteza kitu, kwa maana akiba ilikuwa ikiwekwa kwa saa kama hiyo. Mtu anayekataa kuitumia akiba yake siku ya haja hana tofauti kubwa na yule aliyeimaliza kabla ya siku hiyo. Wote wawili wameikosa ilipohitajiwa.

Nawe, msomaji, unayo betri yako. Wako wanafunzi wanaoishi kana kwamba kila siku ni siku ya mtihani; hawalali, hawachezi, mioyo yao i moto tangu Januari, na mtihani ukifika unawakuta majivu. Wako wengine wasiojipasha moto hata kidogo, na siku hiyo ikifika wako baridi, wanadai kwa nguvu kile ambacho akili haiwezi kukitoa kwa ghafula. Vivyo hivyo hasira. Mtu mwenye hasira ya daima juu ya kila jambo dogo hana hasira iliyobaki siku anapoona mnyonge akidhulumiwa, na siku hiyo hasira ndiyo ingekuwa wema.

Basi nalijibu swali nililoanza nalo. Mwenye nguvu ana haki ya kuzitumia zote, lakini hana haki ya kuzitumia pasipo na safari. Jenatzy alikipa chombo chake jina la kutoridhika, naye alikuwa na sababu: alikuwa na mstari mbele yake, na saa mkononi mwa waamuzi. Wengi wetu tumelichukua jina lake tukauacha mstari. Kabla ya kunyosha kidole kwenye kitufe chochote cha maisha yako, kiwe cha mali, cha elimu, cha cheo au cha maneno, ngoja kidogo, ujiulize kama mashine ile ilivyomwuliza dereva wake: Ninakwenda wapi?