Wembe Anaolilia Mtoto

Nilirudi safari usiku wa Ijumaa, na kilichonipokea mlangoni kwanza ni harufu. Maji ya tangi la kioo sebuleni yalikuwa yamegeuka meupe kama maji ya mchele. Anemoni wetu, mnyama wa baharini ambaye siku tisa nyuma nilimwacha amejishika barabara juu ya jiwe lake, minyiri imetuna na kucheza na mkondo, alikuwa ameanguka ubavu. Mdomo ulikuwa wazi, na vipande vya kamba visivyosagika vilikuwa vikimtoka. Samaki wake wawili walikuwa juu ya maji wakihema. Mwanangu, wakati huo ana miaka kumi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, kila nikimtazama alikuwa amefungua mdomo. Nikadhani ana njaa, nikawa nampa."

Nilimkaripia mbele ya mama yake na dada zake. Naandika haya kwa sababu ya karipio lile, maana aliyestahili kulipata hakuwa yeye.

Anemoni wa baharini ana tundu moja tu. Chakula huingia humo, na taka hutokea humohumo. Mdomo uliolegea na kubaki wazi kutwa nzima ni dalili ya maradhi. Njaa haiko hivyo. Na chakula anachohitaji ni kidogo mno: kipande cha kamba au cha samaki kisichozidi upana wa mdomo wake, mara moja au mbili kwa wiki, kiwekwe taratibu juu ya minyiri mpaka akishike na kukivuta mwenyewe. Sehemu kubwa ya riziki yake haitoki mkononi mwetu kabisa. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia. Ukimlisha kila siku hutapika, matapishi huoza, uozo hutoa amonia, na amonia huua kila kilichomo tangini. Yote haya niliyajua kabla ya kusafiri. Mtoto sikumweleza hata moja. Nilimwachia kopo la kamba kwenye friji na maneno mawili: mlishe, usimsahau. Naye hakumsahau.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Wazazi wengi tunaishika methali hii kwa sababu inatutua mzigo: mpe, ajikate, atajifunza. Mwanangu aliwaona samaki wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe katika filamu ya Finding Nemo, akawalilia wao na anemoni wao kwa majuma kadhaa, nami nikajisemea basi apate, ajifunze wajibu. Lakini wembe wa methali humkata aliyeushika. Wembe niliompa mimi ulimkata kiumbe mwingine, asiye na sauti ya kulia, aliyebanduliwa mwambani bila ya kuulizwa. Mtoto hakupata hata kovu la kumfundisha. Alichopata ni aibu, na aibu niliyomvika mimi. Sioni kwamba methali ile inafaa pale ambapo roho ya tatu imo kati ya mzazi na mwanawe.

Tufikirie basi kazi yenyewe, kwa sababu wengi tunainunua bila kuiona. Tangi la maji ya chumvi halimpokei anemoni siku lililojazwa. Linahitaji miezi, wengi husema si chini ya sita, mpaka vijidudu vinavyovunja amonia vienee kwenye mawe na mchanga. Joto lisimame kati ya nyuzi 25 na 27. Likipanda mno na kudumu, anemoni huwatoa wale mwani wake na kupauka akawa mweupe, kama yalivyopauka matumbawe ya pwani yetu ya Kenya mwaka 1998. Chumvi hupimwa kwa haidromita, nayo isipungue wala kuzidi sana 1.025. Maji yakipungua kwa jua na upepo, kinachoondoka ni maji na chumvi inabaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matamu. Sisi wa Mombasa twajiona tuna bahati, bahari iko mlangoni, lakini hata kuyateka maji yake kuna adabu: ni wakati wa maji kujaa, mbali na mitaro, na si siku za masika ambapo mvua imeyazimua maji ya ufukweni. Anemoni naye huhama. Asipopapenda mahali hujibandua akatembea kwa mguu wake, na pampu isiyowekewa wavu humvuta na kumkatakata.

Halafu kuna usiku. Umeme ukikatika saa nane, pampu inanyamaza na hewa inaanza kuisha majini. Ni nani atakayeamka kuyakoroga maji yale kwa mkono mpaka kupambazuke? Mtoto wa miaka kumi amelala, na ni haki yake kulala.

Wapo waliowahi kuibeba kazi hii. Mwaka 1828, huko North Berwick, Scotland, bwana mmoja aitwaye John Graham Dalyell alimchukua anemoni mwekundu miambani, akamweka katika chombo cha kioo nyumbani kwake Edinburgh. Anemoni huyo alikuwa wa aina ya bahari za baridi isiyotegemea mwani, ndiyo maana chombo kidogo kilimtosha. Alizaa mamia ya watoto, akiwatema kwa mdomo uleule, hata watu wakamwita Granny, yaani Bibi. Dalyell alifariki mwaka 1851. Bibi akapokewa na John Fleming, kisha James M'Bain, kisha John Sadler, kisha Robert Lindsay. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 mikononi mwa watu. Chakula chake kilikuwa nusu kome kila baada ya wiki mbili, na maji yake yalibadilishwa kwa maji mapya ya bahari.

Namfikiria sana Bibi huyu. Watu watano, wote watu wazima, wenye elimu na shughuli zao, walirithishana kazi ya kukata kome katikati na kubadilisha maji. Hakuna aliyeona ni kazi ya kuwaachia watoto.

Baada ya msiba wetu nilimwita mwanangu nikamwomba radhi. Si jambo rahisi kwa baba wa Kipwani, nakiri, lakini nililiona ni deni. Kisha tukakaa mwaka mzima na tangi lisilo na mnyama, mawe na maji tu. Kila asubuhi kabla ya shule tulipima joto na chumvi pamoja, yeye akaandika daftarini. Zilikuwapo asubuhi nilizotamani kulala, na hizo ndizo nilizohakikisha ananiona nimeamka. Anemoni wa pili alipokuja, miezi mitatu ya mwanzo nilimlisha mimi, naye akitazama. Siku moja akamkuta amenywea, mdogo kama ngumi. Hakukimbilia friji. Aliketi akamtazama, akapima maji, akaniambia: "Maji yako sawa, Baba. Tumngoje." Anemoni mzima hunywea hivyo akitoa taka na maji ya zamani, na jioni alikuwa amefunguka tena. Sasa mwanangu ana miaka kumi na mitatu, na ndiye anayelisha, Jumatano kwa Jumatano. Usiku wa umeme kukatika bado ni wangu.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikulilia tangi, jiulize kwanza kuhusu usingizi wako wewe. Ukiona huwezi, usione haya kumwambia hapana. Mngoje bamvua, mpeleke mwambani maji yakiwa yamekupwa, mwonyeshe anemoni katika kidimbwi chake penye jua, mweleze kwa nini asimguse, na mrudi nyumbani mikono mitupu.