Saa Ambayo Mwalimu Haandiki

Ukiishi Woodley unaamka na sauti mbili: matatu za Ngong Road, na ndege ndogo zinazopaa kutoka Wilson, ng'ambo ya Kibera. Za matatu sizisikii tena. Za ndege bado huniinua kichwa, hasa ile ya injini moja inayopanda polepole kana kwamba inafikiria kurudi. Si kosa lake. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likishakuwa kali nguvu za injini zinapungua zaidi.

Mara nyingi ndani ya ndege kama hiyo kuna watu wawili, mwanafunzi kushoto na mwalimu kulia. Kila mmoja ana usukani wake, na ukizungusha mmoja, wa pili nao unazunguka. Wakishatua, kila mmoja anatoa daftari lake na kuandika saa ileile. Mwanafunzi anaandika saa ya kufundishwa, aliyoilipia maelfu ya shilingi. Mwalimu anaandika saa ya kuwa rubani mkuu, na yeye amelipwa. Saa moja, madaftari mawili. Sasa hiyo saa ilikuwa ya nani?

Siulizi bure. Leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zako binafsi inataka angalau saa 40. Ya kibiashara, kwa kawaida, 200. Ile ya juu kabisa, inayokuruhusu kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria, 1,500. Katikati ya 200 na 1,500 kuna jangwa: unayo leseni ya kazi, lakini kazi nyingi zinamtaka mtu mwenye saa zaidi. Njia moja ya kulivuka ni kufundisha. Marekani, ambako vyuo vikuu kama Purdue na North Dakota vina mafunzo yao ya urubani, hili halifichwi. Wengi wanaofundisha ni vijana waliokuwa wanafunzi juzi tu, wanahesabu saa ili waende mashirika ya ndege. Sheria ya huko hata inawapunguzia safari: aliyesomea urubani hadi shahada, kwenye chuo kilichoidhinishwa, anaweza kuajiriwa na shirika akiwa na saa 1,000 badala ya 1,500. Wilson shule ni za kibinafsi, lakini hesabu inafanana.

Sasa huyo mwalimu ako hapo kwa ajili ya nani?

Jibu la haraka la Nairobi ni: kwani shida iko wapi? Kila mtu anatafuta. Mama wa chapo hajali tumbo lako, anajali doo yako, na chapo bado ni tamu. Hata Immanuel Kant, yule Mjerumani aliyeandika sana kuhusu wajibu, hangekataa moja kwa moja. Alichokataza ni kumtumia mtu kama chombo tu. Uzito wote uko kwenye hiyo "tu". Lakini utaionaje? Nia ya mtu haina dirisha.

Mimi niliiona kwa mguu. Gari la shule ya udereva huwa na breki ya pili upande wa mwalimu. Wangu alikuwa mpole, hakunigombeza hata siku moja. Kila tuta, kila bodaboda iliyochomoka, mguu wake ulifika kabla ya wangu. Nilimaliza bila mkwaruzo na mtihani nikapita. Siku ya kwanza peke yangu, na Probox ya binamu yangu, matatu ilisimama ghafla mbele yangu karibu na Adams Arcade, nami nikangoja. Aibu yenyewe ni hiyo: kwa sekunde nzima nilingoja mguu wa mtu mwingine. Taa za mbele nililipa mimi.

Yule mwalimu hakuniibia. Alinipa usalama, ila usalama wenyewe ulikuwa wake: gari lisikwaruzwe, saa iishe, mwanafunzi mwingine aingie. Tangu siku hiyo najua mtu anaweza kukutumia kwa upole kabisa.

Kwenye ndege, bei ya hilo ni kubwa zaidi. Mwalimu mzuri anaweka mikono karibu na usukani bila kuushika, anamwacha mwanafunzi akosee mpaka pale ambapo kosa bado linaweza kurekebishwa. Wanasemeshana kwa sauti, "Una usukani," "Nina usukani," ili asiwepo wa kubahatisha nani anaendesha. Mwalimu akinyakua mapema, anatua vizuri yeye. Akichelewa, wanaumia wote wawili. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Dash 8, iliyokuwa imetoka Wilson ikielekea Diani, iligeuka ikatua salama. Mwalimu na mwanafunzi wake walikufa. Simlaumu yeyote. Nasema tu kwamba mwalimu wa urubani hauzi bidhaa akiwa amesimama chini, hatari anaibeba pia.

Lakini kushiriki hatari hakutoshi. Dereva wa matatu anayeendesha kama kichaa naye yuko ndani pamoja nasi.

Kipimo ninachokiamini kiko kwenye zile saa 40. Angalau 10 kati yake lazima mwanafunzi aruke peke yake. Siku ya kwanza ya hizo, mwalimu anaambia ndege isimame, anafungua mlango, anashuka. Mwanafunzi ataandika kwamba alikuwa rubani mkuu. Mwalimu haandiki chochote, ingawa ruhusa ina sahihi yake, na akishuka mapema mno anaweza kumzika mtu. Angebaki ndani wiki mbili zaidi, nani angemuuliza? "Kutua kwako bado kidogo." Mwanafunzi angelipa, na daftari la kulia lingejaa. Hapo ndipo "tu" ya Kant inaonekana kwa macho: anapoteza saa, anabaki na wajibu, na bado anashuka.

Utaniuliza: mwenye njaa ya saa hawezi kushuka? Anaweza, na ndiyo maana sidai mwalimu awe na moyo safi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kwa muda mrefu nilisema ni kwa sababu wahadhiri walikuwa wapita njia. Mmoja wao ndiye alikuwa na haraka kuliko wote, akifundisha vyuo viwili kwa siku. Siku moja alinirudishia insha bila alama. "Hii haihitaji mimi," aliniambia. "Tafuta mahali uichapishe." Alikuwa njiani kwenda kwingine, na dakika hiyo hakulipwa.

Ndege ikipita juu ya Woodley siwezi kuona waliomo. Ila siku hizi naitazama nikijiuliza kama kile kiti cha kulia leo kiko wazi.