Injini Ikiwa Sailensi



Wanaoishi karibu na banda la usharika wamelisikia trekta letu likihangaika asubuhi. Likiwa shambani, plau imezama, halina neno, linavuta tu. Likiachwa sailensi, yaani liungurume bila kukanyagiwa mafuta, ndipo linapoanza: mlio unakatikakatika, usukani unacheza mkononi, moshi mweupe unatoka kwa mafungu. Dereva wetu, kijana mwenye nia njema, alipata dawa ya haraka. Alikaza skrubu ya sailensi, mizunguko ikapanda, mtetemo ukapungua. Watu wakasema limepona.

Ni Massey Ferguson 135, lile la boneti nyekundu na injini ya kijivu. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani katikati ya miaka ya 1960, na huku kwetu bado inalima na kuvuta tela la mahindi. Injini yake ni Perkins ya silinda 3, lita 2.5. Tuseme inazunguka mara 720 kwa dakika ikiwa sailensi. Kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko 2, kwa hiyo ni mara 6 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa zamu yake, pengo lile unalisikia na kulihisi kwenye kiti. Ipandishe hadi mizunguko 2,000 na mapengo yanafuatana upesi mno, gurudumu zito la nyuma ya injini linayafunika, na sikio linadanganyika. Tena injini ikiwa sailensi, kila silinda hupewa tone dogo sana la dizeli. Kasoro ndogo ya nozeli inatosha kuliharibu tone hilo. Kazi ikiwa nzito dizeli inaingia nyingi, na kasoro ileile haionekani sana.

Ndiyo maana fundi mzee tuliyemwita hakutaka kuliona trekta likilima. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mchungaji, liwasheni mliache lilivyo. Kulima nimeshaona." Jambo la kwanza aliloligusa ni ile skrubu. Aliirudisha ilipokuwa, trekta likaanza tena kutikisika mbele ya wote, naye akaridhika.

Nimetazama mafundi wengi wakianza kwa kufungua silinda hedi, maana kazi kubwa ina malipo makubwa. Huyu alianzia kwenye tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na tope, dizeli inashuka kwa shida. Akalizibua. Akafungua chujio, akamimina kilichokuwa chini kwenye chupa safi, tukaona wenyewe: maji yametulia chini, dizeli juu yake, na katikati uchafu mweusi. Tangi linaloachwa nusu usiku kucha kwenye baridi yetu huota jasho ndani, na maji hayo huzama. Ongeza madumu tunayonunulia dizeli, ambayo jana yake yalibeba kitu kingine. Kuanzia sasa tangi lijazwe jioni, si asubuhi, na dizeli ipite kwenye kitambaa safi.

Kisha akapapasa viungo vya bomba kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta mafuta. Vyote vikavu. Kijana mmoja akasema hapo hapana tatizo, hapavuji. Mzee akacheka. Upande ule, akasema, bomba linanyonya. Likiwa na upenyo, mara nyingi halitoi dizeli nje wakati injini inafanya kazi, bali huvuta hewa ndani. Akabadilisha washa za shaba, akatoa hewa kwenye mfumo hadi dizeli ikaja bila mapovu. Mlio ukatengemaa kiasi, lakini bado ukawa na kilema.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo nawaombeni mlifikirie wiki hii. Injini ikiwa inaunguruma, alilegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, kidogo tu. Dizeli ikamwagika, injini ikayumba ikataka kuzima. Akaikaza. Akaenda ya tatu, ikawa vilevile. Akalegeza ya pili, injini haikujali. Iliendelea na mtetemo wake uleule. (Watoto alikuwa amekwisha kuwafukuza, na mkono wake haukukaribia mahali dizeli inaporukia. Dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi ikaingia nyamani, na kwa kitundu kidogo hivyo watu wamekatwa vidole.)

Silinda isiyoleta tofauti unapoinyima mafuta ndiyo mgonjwa. Lakini tazameni: pistoni yake ilikuwa ikipanda na kushuka na wenzake muda wote huo. Ilibebwa nao. Kwa nje hungeitambua.

Vivyo hivyo, mtu huja ibadani kila Jumapili, anasimama tunaposimama, anaketi tunapoketi, sadaka anatoa, kwaya anaimba. Wakati wa mavuno na harambee hata anatangulia. Ukitaka kujua hali yake, mtazame Jumatatu jioni, kazi zimekwisha, hakuna anayemhitaji, yuko peke yake na watoto wake na mawazo yake. Na sisi viongozi, tukimwona ameanza kutikisika, tunamkazia skrubu. Tunampa kamati nyingine. Tunasema kazi ya Bwana itamchangamsha, na kweli mizunguko inapanda.

Nabii Eliya alivuta vizuri kule mlima Karmeli. Alisimama mbele ya taifa zima, moto ukashuka, mvua ikaja baada ya ukame, naye akakimbia mbele ya gari la mfalme mpaka Yezreeli. Hakuna aliyemwona siku ile akasema nabii huyu anaumwa. Kisha kazi ikaisha, yakaja vitisho vya malkia Yezebeli, na katika sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza tunamkuta jangwani, ameketi chini ya mretemu, akiomba afe. Mtu yuleyule. Kilema kilionekana mzigo ulipotua.

Angalieni alivyotendewa. Malaika hakuanza na swali. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi, wala hakumkumbusha Karmeli. Alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale tena, akitambua kwamba safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Swali la Mungu, la kumwuliza anafanya nini pale, lilikuja kwenye mlima Horebu, baada ya milo 2, usingizi, na mwendo wa siku 40. Na kazi mpya, ya kuwapaka mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha, ilikuja baada ya swali. Mimi naamini mpangilio huo haukuwekwa kwa bahati, na mabaraza yetu mengi hufuata kinyume chake: kazi kwanza, swali la ukali baadaye, mkate pengine kwenye matanga.

Silinda yetu ya pili haikuwa imekufa. Kompresheni ilikuwa nzuri. Nozeli ilipopelekwa kwa fundi wa pampu na kuwekwa kwenye mashine ya kupimia, ilikuwa ikidondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu, na dizeli iliyodondoka haiungui vizuri. Ndiyo ule moshi mweupe. Kilichoiziba ni uchafu wa tangi uliopenya chujio lililochoka. Ikasafishwa, ikarudishwa na chujio jipya. Gharama imesomwa kwenye taarifa ya mhazini, na ni ndogo sana kuliko ya kufungua hedi.

Wazee wa kanisa, orodha ya watakaoitwa mbele ya baraza mwezi huu ninayo mezani. Yumo mwenye kunywa, wamo wawili walioacha meza ya Bwana, yumo mama aliyegombana na kwaya nzima. Nawaomba mwatembelee kwanza, jioni, wawili wawili, bila karatasi. Ulizeni wanalala saa ngapi, wanakula nini, deni ni la nani. Sikilizeni zaidi palipo pakavu. Nyumba isiyo na unga nijulisheni kimya kimya, ghala la usharika lina mahindi ya mavuno. Kikao nimekiahirisha mpaka mtakapomaliza kuzunguka.