Deni la Mwenye Paka

Katika fukwe za Port Victoria, Kaunti ya Busia, paka hawana bakuli. Omena wanapoanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, paka hujipanga pembeni wakivizia. Mama anayegeuza samaki akimfukuza mmoja, mwingine keshanyakua. Ni wembamba, wana makovu masikioni, na hakuna anayejua wana umri gani. Mjini Kisumu, katika nyumba za ghorofa za Milimani, yuko paka wa aina nyingine: dume aliyehasiwa, hatoki nje, bakuli lake halikauki na usingizi wake ni wa kwenye kochi. Kisukari kikija, mara nyingi humfuata huyu wa pili.

Ugonjwa wenyewe unafanana sana na ule unaowapata watu wa makamo. Unene, kukaa bila kujishughulisha, umri mkubwa na kuhasiwa kwa madume vyote huongeza hatari. Mwili huanza kuikaidi insulini, kongosho nalo huchoka kuitengeneza, na sukari hubaki ndani ya damu bila kuingia inakotakiwa. Cha kushangaza, paka hana hamu ya utamu kabisa. Mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell kule Philadelphia walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika kuonja sukari imeharibika katika jamii ya paka, tangu wa nyumbani hadi duma. Mnyama anaugua kwa sukari ambayo ulimi wake haujawahi kuijua.

Dalili huanza kidogokidogo. Bakuli la maji linakauka mapema, mchanga wa choo unalowa chapachapa, na paka anadai chakula kuliko zamani. Mwenye nyumba hufurahi kwamba mnyama wake ana hamu nzuri ya kula, mpaka siku anapompapasa mgongoni na kukuta uti umechomoza. Anakula na bado anakonda, kwa sababu chembechembe za mwili zimekosa sukari na zimeanza kuchoma mafuta na misuli. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa Kigiriki wa karne za mwanzo baada ya Kristo, aliuelezea ugonjwa huu kuwa nyama ya mwili inayoyeyuka na kutoka pamoja na mkojo. Kwa wengine miguu ya nyuma hulegea, wakawa wanakanyaga kwa kisigino badala ya vidole, na kiti walichokuwa wakikirukia kinawashinda.

Daktari wa mifugo akishapima damu na mkojo, matibabu huwa ni sindano ya insulini, kwa kawaida asubuhi na jioni, pengine kwa maisha yote yaliyobaki. Jirani akisikia hivyo huuliza swali moja: kweli, sindano mbili kwa siku kwa ajili ya paka?

Swali hilo lisipuuzwe. Kando ya Ziwa Victoria wapo watu wenye kisukari wanaoruka dozi kwa kukosa nauli ya kwenda zahanati. Kanisa Katoliki, ambalo lina waumini wengi Kisumu na Busia, limeliweka jambo hili wazi katika Katekisimu yake, kifungu cha 2418. Kifungu hicho kinasema kumtesa mnyama bila sababu ni kinyume cha utu wa binadamu, kisha papo hapo kinaongeza kwamba haifai pia kuwatumilia wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu ya watu. Mwenye paka akisoma nusu ya kwanza hupata faraja. Akifika nusu ya pili hujikuna kichwa.

Wasomi wawili wa upande huu wa ziwa wanaweza kumsaidia. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, aliandika mwaka 1989 juu ya haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiyepata hivyo, alisema, hawezi hata kutenda kama mtu mwenye akili na maadili, na kwa hiyo dai lake linatangulia starehe ya mwenye mali. Miaka michache baadaye alieleza maadili ya dunia kwa mfano wa familia yenye watoto sita, wengine wamefanikiwa na wengine wamekwama, na hakuna aliyefanikiwa kwa juhudi zake peke yake. Mwaka 1994 alishirikiana na Calestous Juma, aliyekulia hapohapo Port Victoria na baadaye kuwa profesa wa Harvard, kuandika makala iliyotaka falsafa isimtazame mtu peke yake, itazame mtandao mzima wa viumbe.

Ukimfuata Oruka kikamilifu, foleni ya insulini ina mpangilio: mtu kwanza. Chupa ikiwa moja na wanaoihitaji ni mtoto na paka, hakuna mjadala. Ila nyumbani Milimani hali si hiyo kwa kawaida. Fedha za sindano za paka hushindana na king'amuzi, na nyama choma ya Jumamosi, na simu mpya, na hakuna jirani anayeuliza kama nyama choma ile ingemfaa mgonjwa wa zahanati. Anayeguswa na swali la jirani anaweza kulijibu kwa vitendo, yaani kumlipia mtu nauli ya kliniki. Kumwacha paka afe hakumletei mgonjwa huyo hata tone moja la dawa.

Hata hivyo, bado haijaelezwa kwa nini paka amdai mtu chochote. Hana haki ya kiwango cha chini cha ubinadamu, maana si binadamu. Jibu lenye nguvu zaidi linatoka katika hadithi ya Mtume Muhammad waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake limeelezwa kwa uangalifu. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini. Asingelaumiwa kwa paka wa barabarani asiyemjua aliyekufa njaa. Lawama ilianzia kwenye kufungia, kwa kuwa mlango ulipofungwa, riziki yote ya mnyama ilihamia mikononi mwake.

Paka wa ufukweni amefungiwa na nani? Hakuna. Anayeanika omena hana deni naye zaidi ya kutomtesa. Wa Milimani amefungiwa mara tatu: kwa mlango, kwa kisu cha kuhasi, na kwa chakula alichochaguliwa, ambavyo vyote vimechangia ugonjwa wake. Deni la mwenye nyumba linatokana na hapo, wala halihitaji mtu kuamini kwamba paka ni sawa na mtoto wake. Biblia inakubaliana na hilo kwa njia yake. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyoijali nafsi ya mnyama wake, yaani yule aliye chini ya mkono wake. Paka mwenyewe hatajwi katika Biblia ya Kiprotestanti hata mara moja; Wakatoliki wanaye katika Barua ya Yeremia, na hata huko yupo tu ili kuonyesha kwamba sanamu za Babeli haziwezi kumfukuza anapozikalia.

Kuna deni jingine, la zamani kidogo. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921 kwa majaribio juu ya mbwa, na mmoja wao, aliyeitwa Marjorie, alidumishwa hai kwa majuma kadhaa baada ya kuondolewa kongosho. Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akawa mtu wa kwanza kuchomwa dawa hiyo. Kwa miongo sita iliyofuata, wagonjwa wa dunia nzima waliishi kwa insulini iliyokamuliwa kutoka kongosho za ng'ombe na nguruwe. Insulini ya paka inatofautiana na ya ng'ombe kwa asidi amino moja tu. Anayesema dawa hii ni ya watu, wanyama wasiiguse, amesahau ilikotoka.

Basi deni lipo. Linalipwaje?

Linalipwa kwa kazi ndogondogo zenye hatari ndani yake. Paka wengi huanza na uniti moja hivi kwa kila sindano, tone ambalo halionekani vizuri bila miwani. Insulini ya mifugo mara nyingi huwa na uniti 40 kwa mililita na ya watu uniti 100, kwa hiyo bomba la dawa moja likitumiwa kwa nyingine, kipimo hupotoka mara mbili na nusu, na kosa hilo linaweza kuua. Ngozi ya kisogoni au ubavuni huinuliwa kwa vidole ikawa kama hema dogo, sindano ikapita chini yake, na paka anayekula wakati huo huenda asigeuke. Akianza kuyumba au kutetemeka, sukari imeshuka mno. Asali hupakwa kwenye ufizi kabla ya kupiga simu. Nyumba isiyo na friji si lazima ikate tamaa: utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka uliotoka mwaka 2021, uliopima joto ndani ya nyumba za wakimbizi kambini Dagahaley, ulionyesha kwamba insulini ya watu huhimili joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne.

Chakula nacho ni dawa. Paka wengi wa Kenya hulishwa ugali uliolowekwa kwa mchuzi wa samaki, na kwa mwenye kisukari ugali huo ndio wa kupunguzwa kwanza. Nyama na samaki vikichukua nafasi yake, na insulini ikianza mapema, baadhi ya paka hupata nafuu kiasi cha kuachana na sindano kabisa. Mabadiliko hayo yasifanywe bila daktari, kwani wanga ukipungua ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari huporomoka.

Na kuna mizani. Mwenye paka anayemwona kila siku haoni kukonda; macho huzoea. Njia rahisi ni kupanda kwenye mizani ya nyumbani ukiwa umembeba, kisha kupanda peke yako na kutoa. Muuza samaki mwenye mizani ya kuning'iniza anaweza pia kumpima ndani ya kikapu, akicheka. Paka wa kilo 5 akipoteza nusu kilo amepoteza asilimia kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua saba. Tarakimu hizo zikiandikwa kila wiki ukutani humnyima mtu nafasi ya kujidanganya, na kujidanganya ndiko dhambi ya kawaida ya wanaopenda wanyama. Wengi huendelea kuchoma sindano kwa sababu hawawezi kuvumilia kuacha, huku mnyama keshaacha kujilamba, keshaacha kuja mlangoni, na uzito unashuka ingawa sukari imetulia. Hapo pengine figo zimechoka, au tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, au kongosho limevimba, na tiba ya kisukari peke yake haitamrudisha.

Wapo wanaosema wakati huo ukifika, waache dawa, wamwachie Mungu. Maneno hayo yana heshima ndani yake, lakini yanaficha tendo. Insulini ikikatwa ghafla, mwili unaweza kujaa asidi ya ketoni: kutapika, kupumua kwa shida, kulegea kabisa, na hili linaweza kuchukua siku kadhaa. Mwenye nyumba aliyefunga mlango, akasitisha dawa na kungoja, amesimama karibu sana na mwanamke wa hadithi ile.

Njia ya pili ni sindano ya mwisho ya daktari, na hapa dini za Kisumu haziendi pamoja. Katekisimu inakataza kumuua mgonjwa kwa huruma akiwa mtu, ila haimwekei mnyama katazo hilo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, vitabu vya fiqhi vinamkataza mtu kumchinja mnyama asiyeliwa kwa nia ya kumpumzisha tu. Wafuasi wa madhehebu ya Hanafi wamelegeza zaidi. Wajaini hushika kutodhuru kiumbe chochote, na kule Gujarat, India, huendesha makazi ambamo wanyama wagonjwa hutunzwa mpaka wafe wenyewe. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimalizi ubishi huu. Inachokataza ni mateso yasiyo ya lazima, yawe ya kutenda au ya kutotenda.

Kwa hiyo Mshafi wa Milimani na jirani yake Mkatoliki wanaweza kuagana na paka zao kwa njia tofauti. Wa kwanza, akikataa sindano ya mwisho, anawajibika zaidi kuliko alivyodhani, kwani lazima amwombe daktari dawa za maumivu na kichefuchefu, amweke mnyama mahali pakavu, amletee maji karibu na kumfuta anapojichafua. Wa pili, akiikubali, anapaswa kuipanga kabla ya siku ya taharuki, kwa sababu madaktari wa mifugo wa eneo hili hushughulika zaidi na ng'ombe, mbuzi na kuku, na si kila mmoja atakuwa na dawa inayofaa usiku wa Jumapili. Wote wawili wamuulize daktari mapema ni uzito gani, na ni dalili zipi, zitakazomaanisha kwamba matibabu yamekwisha kazi, kisha wayaandike majibu hayo karibu na zile tarakimu za mizani.