Joto Usiloweza Kulipunguza

Vijana wangu wa Kianjokoma, bonasi ya majani chai inapokaribia huwa nasikia mipango yenu pale stendi, na siku hizi si ya pikipiki peke yake. Mnataka amplifaya ya hedfoni. Tena mnaitaka ya transista, kwa kuwa ya valvu ni ghali na valvu zenyewe huchakaa, lakini iwe na ile sauti mnayoiita ya joto: besi iliyojaa, mwimbaji karibu na sikio, trebo isiyokwaruza. Hamu hiyo siilaumu. Mtu aliyezeeka ameshika chuma cha kulehemu hawezi kumcheka kijana anayependa sauti nzuri. Ninalowaonya ni hili: joto likishajengwa ndani ya amplifaya, huna njia ya kulitoa. Chai iliyochemshwa pamoja na sukari hulazimisha kila mgeni ainywe hivyo hivyo. Sukari ikiwa mezani, kila mmoja hujipimia.

Ile sifa kwamba transista ni baridi ilikuwa na haki yake zamani. Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell, Marekani, Desemba 1947, na amplifaya nyingi za mwanzo zilizoitumia zilikwaruza pale wimbi la sauti lilipotoka transista moja kwenda kwa mwenzake. Ubaya huo ulisikika zaidi muziki ulipokuwa wa chini. Ulitibiwa kitambo. Amplifaya nzuri ya leo haina joto wala baridi. Hupokea sauti, ikaiongezea nguvu, ikaipitisha.

Basi ukisikia moja ina joto, jua kuna kilichofanywa. Wapo wanaounda saketi yao iongeze kidogo harmoniki ya pili, yaani sauti iliyo oktavu moja juu ya noti yenyewe, na sikio huipokea kama unono. Lakini mara nyingi siri ni rahisi kuliko hiyo, nayo ni ukinzani wa tundu la hedfoni. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Chukua Sennheiser HD 600, hedfoni iliyotoka mwaka 1997 na ambayo watu bado wanaitafuta. Imeandikwa omu 300, lakini hizo 300 hazibaki 300. Kwenye besi, karibu na hezi 100, hupanda hadi omu 500 hivi. Ukiichomeka kwenye amplifaya yenye ukinzani wa omu 1, hakuna kinachobadilika. Ukiichomeka kwenye yenye omu 120, besi hiyo hupanda kwa karibu desibeli 1. Kwenye zile amplifaya kubwa za miaka ya 1970, ambazo tundu lake hupitia rezista ya omu mia kadhaa, besi inaweza kupanda kwa desibeli 2. Hilo ndilo joto mnalosifia! Rezista ya shilingi chache. Na ukiiweka hedfoni ambayo ukinzani wake haupandi wala kushuka, joto lote hutoweka, kilichobaki ni sauti kupungua. Vile vidude vya ndani ya sikio vyenye spika kadhaa kila upande ndivyo huharibika zaidi: noti moja hupanda, nyingine huzama, bila mpango.

Kwa hiyo muulize muuzaji ukinzani wa tundu. Kama hajui, upime mwenyewe. Cheza mlio wa hezi 100 kwenye simu iliyounganishwa na amplifaya, upime volti za AC kwenye tundu la amplifaya kwa mita. Kisha unganisha rezista ya omu 33 na upime tena bila kugusa kitufe cha sauti. Volti 1 ikishuka hadi 0.5, ukinzani wa tundu ni omu 33. Ikibaki 0.97, ni karibu omu 1, na hiyo unaweza kuiamini. Mafundi wengi huridhika ukinzani huo ukiwa chini ya sehemu moja kwa nane ya ule wa hedfoni. Kwa hedfoni ya omu 32, usipite omu 4.

Msidanganyike pia na kisanduku kinachochoma mkono. Amplifaya za daraja A hupitisha umeme mwingi hata muziki ukiwa umezimwa, na hapa kwetu, kwa baridi hii inayoshuka kutoka msituni, najua kisanduku cha aina hiyo kitapendwa. Lakini joto la bati si joto la sauti. Amplifaya inayovuta wati 30 ikiachwa usiku na mchana hula uniti 0.72 kwa siku, zaidi ya 21 kwa mwezi, na tokeni ni juu yako.

Halafu mnasikiliza nini? Wengi wenu mmerudi kwa nyimbo za babu zenu, Fadhili William, Daudi Kabaka, Joseph Kamaru. Rekodi za miaka ya 1960 zilipita kwenye utepe na vifaa vya zama zile. Trebo yake ni haba, katikati pamejaa. Zina joto lake tayari. Ukizipitisha kwenye amplifaya inayoongeza jingine, gita la besi humfunika mwimbaji. Ukitaka kujua ukweli wa amplifaya, tafuta rekodi nzuri ya ngoma za Wachuka, majirani zetu wa ng'ambo ya mto Thuci. Mshindo wa ngozi lazima uusikie ukianza na ukikoma. Ukisikia mvumo mmoja mnene usio na mipaka, rudisha kisanduku.

Mkilinganisha mbili, zipimeni kwa mita zitoe volti sawa, na mwenzako abadilishe bila wewe kuona. Sikio hupenda kilicho juu kidogo, na muuzaji wa Luthuli Avenue analijua hilo kuliko wewe. Ya kutoka Marekani itazame nyuma kwanza: kama imeandikwa volti 120 pekee, stima yetu ya 240 itaiunguza siku ya kwanza.

Lililonikalisha kuandika haya ni masikio yenu. Trebo ikilainishwa, sauti kubwa haiumi, na isipouma mkono hupandisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Kwenye 89 umebakiwa na saa 5 kwa wiki nzima, na wengine wenu huzimaliza Jumamosi moja. Shirika hilo hilo linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wamo hatarini. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na hakuna fundi wa kuvilehemu.

Kwa hiyo bonasi ikitoka, nunueni hedfoni kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoamua sauti kuliko kitu kingine chochote. Ichomekeni kwenye simu. Ikitosha, msinunue amplifaya hata kidogo. Isipotosha, chukueni ya transista iliyo safi, yenye ukinzani mdogo, na besi mwiongeze kwa ikwalaiza ya simu, ambayo hailipiwi na huzimwa kwa kidole. Na kabla hujalipa salio, kilete kisanduku hapa sokoni tukiwekee mita.