Sahani Iliyofunikwa

Mafungu: Matendo ya Mitume 9:36–42, 1 Wafalme 17:8–16

 

Wapendwa, mlisikia tangazo la idara ya akina mama Jumapili iliyopita. Siku ya Akina Mama mwaka huu, kila familia ambayo mama yake ameshatangulia mbele za Bwana itaoka kitu ambacho huyo mama alikuwa anakioka, na tutakiuza hapa uwanjani baada ya ibada ya pili. Pesa zitawalipia SHA wajane na akina mama wanaolea peke yao. Mlipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Kisha nikaenda nyumbani, dadangu akanipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Na ya mama yetu tutaioka vipi?"

Hapo makofi yaliisha.

Wengi wenu hamkumjua mamangu. Tulikaa Njoro, kwa nyumba za mbao, na alijulikana kama Mama Keki. Hatukuwa na oveni. Alioka kwa sufuria juu ya jiko la makaa, na juu ya kifuniko anaweka makaa mengine. Ndiyo ilikuwa karo yetu, ndiyo ilikuwa sadaka yetu, na ndiyo ilikuwa Krismasi yetu. Alipofariki mwaka 2011 alituachia daftari la hesabu, lile la viboksi, na ndani yake ukurasa mmoja wa kalamu ya risasi. Nawasomea: Sukari ya shilingi nne. Blue Band ya shilingi tatu. Mayai, angalia hali. Soda nusu kijiko. Maziwa mpaka ikubali.

Sasa niambieni, Blue Band ya shilingi tatu leo ni nini? Haitoshi kupaka hata kipande kimoja cha mkate. Mama aliandika kwa bei kwa sababu alikuwa ananunua kwa bei, ya kupimiwa dukani, na bei zimekwenda na mapishi yamekwenda nazo. Mimi na dadangu tulijaribu mara mbili wiki hiyo. Ya kwanza ikaanguka katikati. Ya pili ikawa tofali. Watoto wangu walikula kwa heshima, wakaomba maji.

Dadangu akasema, "Kuna mtu mmoja anayeijua." Nilinyamaza, kwa maana hata mimi nilimjua.

Kabla niwaambie ni nani, tuingie Yafa.

Huko Yafa kulikuwa na mwanamke anaitwa Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi. Luka anamwita mwanafunzi. Katika Agano Jipya lote la Kigiriki, neno la kike la mwanafunzi linatokea mara moja tu, na linatokea hapa, kwa huyu mama wa kushona. Hatuambiwi alihubiri wapi. Hatuambiwi mume wake wala watoto wake. Tunaambiwa alitenda mema na kutoa sadaka, akaugua, akafa, wakamwosha, wakamlaza orofani. Petro alikuwa Lida, si mbali, wakamwita. Na alipopanda kule juu, mahubiri ya mazishi yalitolewa na nani? Si wazee wa kanisa. Wajane walimzunguka wakilia, na kila mmoja anamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea wakati angali pamoja nao.

Hebu ione hiyo picha. Ukitaka kujua Dorkasi alikuwa nani, huendi kutafuta ndani ya kabati lake. Unaangalia waliovaa.

Nimehubiri fungu hili mara nyingi, na kila mara nilikuwa nakimbilia pale anapofufuka, kwa sababu sisi Wapentekoste tunapenda muujiza, na Mungu wetu ni wa miujiza, amina. Lakini wiki hii Roho Mtakatifu alinisimamisha kwa wale wajane. Petro angeweza kuwaambia watoke mara moja, na baadaye aliwatoa kweli ili aombe. Lakini kwanza aliwaacha waonyeshe.

Sasa niwaambie habari ya jirani.

Nyuma ya ploti yetu kulikuwa na mama pima. Mnajua mama pima ni nani, hata wale mnaojifanya hamjui. Chang'aa. Polisi walikuwa wanakuja, walevi wanalala kwenye mtaro, na sisi watoto wa kanisa tulikatazwa kupita pale. Lakini kila mama alipooka, keki ya kwanza ikitoka alikata kipande, tena kikubwa, akakiweka kwa sahani, akakifunika kwa sahani nyingine, akaniambia, "Peleka huko nyuma." Kabla sisi tuonje! Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Nilichukia mambo mawili: kwamba kipande kile kingekuwa changu, na kwamba mwalimu wangu wa Sunday School angeniona nikiingia pale.

Nilipomaliza chuo cha Biblia nilirudi nyumbani na tai na Biblia mpya, nikaketi na mamangu kumrekebisha. Nilimwambia watu wanasema. Nilimwambia mke wa Mungu hawezi kuwa anabadilishana sahani na mama pima. Aliendelea kuchekecha unga. Akaniuliza, "Na mimi nikiacha, nani mwingine atampelekea?" Niliona hilo si jibu.

Siku ya mazishi ya mama, mimi ndiye nilikuwa nashika ratiba. Yule jirani alikuja, leso imefungwa vizuri, ameshika sahani imefunikwa na sahani nyingine. Akaniomba dakika mbili aseme neno. Nilitazama tenti, nikaona maaskofu, nikaona washirika wangu, nikamwambia, "Pole mama, ratiba imejaa." Haikuwa imejaa. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja aliongea dakika arobaini, na hakuwahi hata kumjua mamangu. Yule mama hakubishana. Aliweka sahani jikoni akaenda. Mimi sikufunua. Ilikuwa ni keki, na iliisha kwa vijana waliochimba kaburi. Dadangu alionja kidogo, na ndiyo sababu miaka hii yote alikuwa anajua ni nani anayejua.

Ndugu zangu, mimi ningekuwa mlangoni kule Yafa, wale wajane hawangepanda ngazi. Ningewaambia kanzu mtaonyesha siku nyingine.

Jumatano nilienda Njoro. Ni mzee sasa, macho yamefifia. Sikuuliza kama bado anauza. Mitungi niliiona. Aliponitambua akasema, "Pasta. Umekuja kuniombea?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nimekuja kuomba."

Niliomba msamaha kwanza, wa ile siku. Hakunijibu. Nataka mjue hivyo, kwa sababu mkisikia ushuhuda mnapenda msamaha upokelewe papo hapo. Alinyamaza, akatazama ukuta, kisha akaniambia niwashe jiko.

Tulioka mpaka jioni. Makosa yetu yalikuwa mawili. Kwanza, moto. Tulijaza makaa chini, kumbe chini ni machache sana, yaliyokwisha kushika rangi ya majivu, na mengi yanakaa juu ya kifuniko. Ukifanya kinyume, chini kunaungua na ndani kuko mbichi. Pili, maziwa. Daftari linasema maziwa, nasi tukaweka maziwa mabichi. Mama alikuwa anatumia maziwa lala. Maziwa mazuri yaliuzwa, yaliyochacha ndiyo yaliingia kwa keki, na ile soda inahitaji uchachu ndipo iumuke. Hakuandika kwa sababu kwake hakukuwa na maziwa mengine ya kuoka. Mtu hawezi kusoma hilo kwenye daftari. Ni mpaka awe alisimama karibu naye.

Nilimuuliza, siku ile ya mazishi alitaka kusema nini. Akasema amesahau. Baadaye sana, akiwa anakata, akasema bila kunitazama, "Ningesema alinifundisha kuoka. Na hakuniuliza pesa."

Wapendwa, yule mjane wa Sarepta ambaye Eliya alimwomba amwokee mkate mdogo kwanza, kabla yake na mtoto wake, hakuwa Mwisraeli. Alikuwa mtu wa Sidoni, na Yesu mwenyewe alilikumbusha jambo hilo katika Luka 4, watu wakakasirika karibu wamtupe chini ya mlima. Unga haukuisha kwa nyumba ya mtu wa nje. Mamangu alielewa fungu hilo bila chuo cha Biblia. Mimi nilikuwa nalo kwenye maandishi yangu, nimelipigia mstari.

Kuna wale walioniuliza kama hii Siku ya Akina Mama si mambo ya wazungu na biashara ya kadi. Nilisoma kidogo. Ilianza na mtu aliyefiwa. Huko West Virginia, Marekani, Ann Reeves Jarvis alianzisha vikundi vya akina mama mwaka 1858, wakichangia dawa na kusaidia nyumba za akina mama wagonjwa. Alikufa 1905. Bintiye Anna akafanya ibada ya ukumbusho Mei 1908, katika kanisa la Methodisti mji wa Grafton, akapeleka maua meupe 500 ambayo mamake aliyapenda. Mwaka 1914 ikawa siku rasmi kule. Halafu wauzaji wa maua na kadi wakaivamia, na Anna akaishia kupigana na siku aliyoianzisha mwenyewe. Kwa hiyo swali lenu ni zuri. Tunaweza kuwauza mama zetu bila kujua.

Ndiyo maana nimeomba mambo machache yabadilike. Hakuna mnada. Mnakumbuka ile harambee ambapo keki moja ilinunuliwa na mwanasiasa kwa elfu ishirini, akapigwa picha, na keki ikaenda na gari. Wale waliooka hawakuonja. Safari hii ni kipande, shilingi hamsini, hata mtoto wa Sunday School anunue kwa pesa yake.

Hesabu ni hii. Kwa familia isiyo na ajira rasmi, kiwango cha chini cha SHA ni shilingi 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Hivyo ni vipande 72. Keki moja ikikatwa vipande kumi na viwili, keki sita ni nyumba moja. Tuna nyumba kumi na nne kwenye orodha, kwa hiyo keki 84. Ni nyingi, najua. Anzeni kutafuta mayai.

Na kuna wengine waliomwambia katibu kwamba wataleta keki lakini mapishi ni siri ya familia. Dadangu alikuwa mmoja wao, na tumeongea. Siwalaumu, ni kitu mlichobaki nacho. Lakini mmesikia habari ya daftari letu. Kama mamangu angewaachia watoto wake tu, Jumatano hii singekuwa na pa kwenda. Basi andikeni kwenye kadi, jina la mama juu, na vipimo kwa vikombe na gramu. Tafadhali msiandike kwa bei.

Wewe ambaye hukumjua mama yako, au ulimjua na afadhali usingemjua, usikae nyumbani siku hiyo ukiona aibu. Leta cha shosho, cha shangazi, cha yule mama wa ploti aliyekuwa anakuita ukale. Na kama hakukuwa na mtu, njoo ule. Vipande vyako tumelipa.

Jambo la mwisho ni la kamati. Nimependekeza jina la kumi na tano kwenye orodha. Si mshirika wetu, na baadhi yenu mmeshajua ni nani, kwa sababu simu zimeanza. Mzee mmoja ameniuliza watu watasema nini. Nilitabasamu, maana sauti hiyo naijua, ilikuwa yangu. Kamati inaketi Alhamisi. Wakikataa, nitalipa hizo 3,600 mfukoni, lakini ningependa zitoke kwenye keki.

Amesema atakuja. Hataingia ndani, hilo amesema wazi. Atakuwa nyuma ya jikoni la kanisa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kuwaonyesha vijana namna ya kupanga makaa. Wenye majiko na sufuria nzito walete Jumamosi kabla ya saa nane. Makaa gunia mbili zinahitajika, na maziwa lala lita kumi. Mimi nitakuwa hapo mapema kuwasha moto, na dadangu atamletea chai.