Tunamkirimu mgeni au tunamdhuru?

Wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo baadhi yetu wataliona dogo: chakula tunachomwekea mgeni. Nasomesha Maarifa ya Uislamu sekondari, na mada ya adabu za kula ni miongoni mwa zile ambazo wanafunzi hutaka zipite haraka kwa kuwa wanadhani wanazijua. Kula kwa mkono wa kulia, taja jina la Allah, kula kilicho mbele yako, basi. Na mimi nilikuwa naipitisha haraka vivyo hivyo, mpaka yalipomfika mzee wangu.

Baba ana kisukari. Nyumbani hana tabu. Asubuhi anakunywa chai ya rangi isiyo na sukari na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, mchana ugali kidogo na mboga nyingi. Tabu yake ni mwisho wa wiki, maana ni mtu wa watu. Kila hitma yumo, kila walima yumo. Miaka michache iliyopita tulikwenda pamoja kwenye hitma Magomeni, tukakaa wanaume sita kwenye sinia moja la pilau. Akawa anachezea tonge. Mzee mmoja aliyekaa ubavuni pake, mtu mwema kabisa, akamsogezea nyama ya mafuta na kumwambia, "Shekhe, mbona unatuangusha? Kula bwana, hii ni sadaka ya marehemu." Akala. Zikaja soda. Baba akanitazama. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu na kreti, anatabasamu, nikaona haya. Soda ile nilimfungulia mimi, kwa mkono wangu.

Sisemi kwamba soda moja ndiyo iliyomkata vidole. Kisukari hakifanyi kazi hivyo. Kinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu kidogo kidogo kwa miaka, mpaka siku moja mtu anatembea na kijiwe ndani ya kiatu wala hahisi, na kidonda kikianza hakiponi. Lakini hitma zilikuwa nyingi na soda zilikuwa nyingi, na mwaka uliofuata alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Tangu siku hiyo natembea na swali: nani wa kuulizwa? Aliyekula, aliyepika, yule mzee aliyesogeza nyama, au mtoto aliyefungua soda?

Liko jibu la haraka, na nimelisikia hata barazani msikitini: mtu mzima ana akili zake, si angekataa? Kwa kiasi fulani ni kweli, kwani mwili ni amana ya mwenyewe na ataulizwa juu yake. Lakini anayejibu hivyo nadhani hajawahi kukataa chakula mbele za watu. Kwetu sisi kukataa kuna tafsiri yake. Ama una kinyongo na mwenye nyumba, ama unaringa, ama unamshuku kuwa ametia kitu. Na khofu hii hatukuianza sisi. Katika Suratu Hud tunasimuliwa kwamba Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaletea wageni wake ndama wa kuchoma, na alipoona mikono yao haikifikii chakula akaingiwa na khofu nao. Hakujua kuwa ni Malaika. Kwa hiyo mgeni asiyekula anatisha tangu zamani, na baba alipomeza lile tonge alikuwa anawaondolea wenzake mashaka. Alikula kwa ajili yetu sisi, si kwa njaa yake.

Lakini upo mfano mwingine ambao nimeusomesha kwa miaka na sikuwahi kuuangalia vizuri. Mtume (s.a.w.) akiwa nyumbani kwa Bi Maimuna (r.a.) aliwekewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni nyama gani akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba sivyo, ila mnyama huyo hapatikani katika ardhi ya watu wake na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta akaila, Mtume akiwa anamtazama. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na darasani tunaitumia kueleza hukumu ya mnyama yule. Tunaacha upande wa pili: mbora wa viumbe aliondoa mkono kwenye chakula cha halali, mbele za watu, kwa sababu tu nafsi haikukitaka, na wala hakuna aliyemwambia anawaangusha. Ikiwa kutopenda kunatosha kuwa udhuru, vipi ugonjwa? Allah (s.w.) amemruhusu mgonjwa kuacha saumu ya Ramadhani, ambayo ni nguzo ya dini. Sisi hatumruhusu kuacha pilau.

Watakuwepo watakaonikumbusha kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), ambamo Salman alikataa kugusa chakula mpaka mwenyeji wake, aliyekuwa katika funga ya sunna, ale pamoja naye. Je, huko si kumlazimisha mtu kula? Ni kweli alimbana. Lakini tuangalie alimbana kwa nini. Alimkuta mwenziwe amejichosha kwa ibada kiasi cha kusahau haki ya mwili wake na haki ya mkewe, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa akamuunga mkono Salman. Yaani aliitazama kwanza hali ya ndugu yake, kisha ndipo akamtaka ale. Sisi tunasogeza nyama kwanza. Hali ya mtu tunaijua siku ya kwenda kumjulia hospitali, na hata huko tunamwendea na juisi ya pakiti.

Hoja yangu hapa ni kwamba takrima ambayo mgeni hawezi kuikataa imekwisha kuwa amri. Na aliyetoa amri ana sehemu yake katika yatakayotokea, hata kama nia yake ilikuwa njema. Nasema hivi nikijihesabu wa kwanza.

Nimejaribu kutafuta chanzo cha jambo hili na nimeona ni aibu. Nyumba nyingi hapa mjini zinakula vizuri tu pale zinapokuwa peke yake: ugali wa dona, matembele, dagaa, maharage, kunde. Mgeni akibisha hodi, sufuria ya matembele inafunikwa na mtoto anatumwa mbio akalete soda na chipsi. Kile chenye manufaa tunakionea haya, na kile chenye madhara ndicho tunachokiita heshima.

Tuchukue chai, maana ndiyo takrima ya kila siku. Desturi yetu ni kutia sukari kwenye birika zima au kwenye chupa ya chai, halafu kila mtu anamiminiwa. Hapo mgeni ameshaamuliwa kabla hajavua viatu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa ipungue chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Chupa moja ya soda ya mililita 350 peke yake ina vijiko 9 hivi. Dawa yake haina gharama. Pika chai na tangawizi, iliki na mdalasini bila sukari, weka bakuli la sukari na kijiko pembeni, kila mtu ajitilie. Mwenye kutaka vijiko vitatu atie vitatu. Wala usimsimamie ukihesabu, maana wapo wagonjwa wa kisukari ambao sukari huwashuka ghafla, na hao wanaihitaji hapo hapo.

Chakula chenyewe nacho hakina ugumu. Sahani ya mgeni iwe nusu mboga na kachumbari, robo wali au ugali, robo samaki, kuku au maharage. Maharage yaloweke usiku, umwage maji yale; yataiva mapema na mkaa utapungua. Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, upikwe dakika chache kwa maji kidogo, kisha ukamulie limao, kwani limao husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Kwa sababu hiyo hiyo chai isiambatane na mlo, ije baada ya saa moja hivi, kwa kuwa chai huyazuia madini hayo. Samaki achomwe au achemshwe kwa nyanya, ndimu na bizari badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Anayependa nazi atumie tui jepesi. Sijakataza pilau jamani, mimi mwenyewe nalipenda. Nasema lisiwe peke yake sinia zima, na mtu akila matonge matatu akaondoa mkono, aachwe.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya nyumba yetu, hitma ya bibi. Tulipika pilau kiasi, samaki wa kuchoma, maharage, na masinia mawili ya mchicha na kachumbari. Vinywaji vilikuwa maji na chai, sukari pembeni. Shangazi alinifuata jikoni tangu asubuhi. "Baba, utatuaibisha. Watu watasema mmefilisika." Nikamwambia waseme. Wanaume walioketi upande wangu walikuwa ishirini na kitu, na bakuli la sukari lilipopitishwa niliwaona saba wakilisogeza kwa jirani bila kutia. Wanne kati yao ni majirani zetu wa miaka mingi, na siku zote tumekuwa tukiwapelekea soda kila wanapokuja. Baba alikula samaki wake na mchicha, akaomba aongezewe mchicha, na safari hii hakunitazama.

Shangazi hajanisamehe kwa ajili ya soda mpaka leo.